Muulize Daktari wa Kinywa: Doa la mama na mafundi wa ndani ya seli

Barua ya kwanza ya mwezi huu imekaa siku nne mezani kwangu hapa Dodoma. Imeandikwa kwa mkono, karatasi mbili za daftari, kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ubao. Nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote kwa sababu wagonjwa wengi huwekewa karatasi ya kusaini kabla hawajaelezwa inahusu nini, na jambo hilo linaniuma. Wengine mnivumilie, nimewajibu kwa kifupi.

MWALIMU WA SHULE YA MSINGI, KONGWA

Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 68, ni mkulima wa karanga na mtama. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba meno yake ya bandia ya juu yanapwaya upande mmoja na upande mwingine yanambana. Tukadhani yamechakaa. Yalisuguliwa mara mbili, nafuu ikawa ya siku chache. Jioni moja aliyavua ayaoshe, nikaona weusi juu kwenye kaakaa. Nikamuuliza kama amekula zambarau. Akanijibu, zambarau za mwezi wa nane, mwalimu mzima?

Dodoma walikata kinyama, majibu yakaja baada ya wiki tatu: melanoma ya utando wa kinywa, yaani saratani ya seli zinazotengeneza weusi. Amefanyiwa upasuaji Dar es Salaam, sehemu ya kaakaa imetolewa, na sasa anavaa kizibo cha kufunika tundu ili chakula kisipande puani. Anaendelea vizuri. Tulipokwenda kliniki wiki iliyopita, alikuja daktari kijana anayefanya utafiti, akaomba mama asaini ili kile kipande kilichohifadhiwa kwenye nta kipimwe "protini za kukarabati DNA". Mama akanitazama mimi, nami nikakosa la kumwambia.

Hizo protini ni kitu gani? Majibu yatamsaidia mama, au ni kwa faida ya yule daktari? Ugonjwa huu ni wa ukoo? Tuko watoto sita. Na baba mdogo anasema tusisaini kabisa, nyama ya mtu inauzwa Ulaya.

JIBU

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole zangu, na wewe pole kwa kumuuguza.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini nimelihisi kwenye barua yako. Hukumchelewesha kwa uzembe. Melanoma ya kinywa hukua kimya. Mwanzoni haiumi wala haiwashi, na hakuna anayeliona kaakaa lake kwenye kioo cha ukutani. Ya mama yako ilikuwa imefunikwa na sahani ya meno mchana kutwa. Meno ya bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri kisha yakaanza kupwaya ni dalili ambayo kila anayetengeneza meno anapaswa kuiogopa kabla hajashika msasa. Ningeomba kila fundi wa meno asomaye hapa akumbuke hilo: mtu akirudi na sahani inayopwaya, kwanza mwambie afungue kinywa, umulike juu.

Ni ugonjwa adimu. Katika kila melanoma 100 za mwili mzima, ya kinywani haifiki hata moja, na karibu 4 kati ya 5 za kinywani huota juu, kwenye kaakaa gumu na ufizi wa juu. Katika miaka yangu yote ya kazi nimeziona chache, nazihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Lakini ni kali. Saratani nyingi, ukubwa wake huandikwa kuanzia T1. Hii huanzia T3, hata ikiwa ndogo kama punje ya mtama, kwa sababu waliopanga vipimo hivyo walishaona inavyowahi kusambaa.

Sasa hizo protini. Wewe ni wa Kongwa, tembe unaijua. Bibi yangu mzaa mama aliishi kwenye tembe kule Mvumi hadi alipofariki. Kila mwaka, kabla ya mvua za Desemba, alikuwa akipanda juu ya paa, mimi nampokeza debe la udongo kutoka chini. Alilitembea paa lote polepole, akibonyeza kwa kisigino. Palipo na ufa mwembamba alipaka udongo tu. Palipolika na mchwa hakupaka kitu juu yake: alifukua, akatoa ule udongo wa zamani na fito zilizooza hadi akafika kwenye mti mzima, akapanga fito mpya, ndipo akafunika. Mwaka aliougua asipande, mvua ya kwanza tu ilitukuta tumelala.

Kila seli ya mwili wako ina paa la namna hiyo. DNA ya seli moja ukiinyoosha inafika kama meta 2, na ndani yake mna maandishi ya herufi bilioni 3 uliyoyapata kwa mama na mengine kama hayo kwa baba. Maandishi hayo yanaharibika kila siku, hata ukikaa kivulini huna baya ulilokula. Maji yaliyomo ndani ya seli yenyewe yanayamomonyoa, hewa ya oksijeni tunayovuta inayachoma. Aliyetuonyesha hivyo ni Tomas Lindahl wa Sweden: DNA, tuliyoidhani imara kama jiwe, inaoza yenyewe maelfu ya mara kwa siku katika kila seli. Akajiuliza, sasa mbona tuko hai? Basi lazima kuna anayeziba. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015, pamoja na Paul Modrich wa Marekani na Aziz Sancar, mzaliwa wa mji mdogo wa Savur huko Uturuki, ambaye wazazi wake hawakujua kusoma wala kuandika. Hilo la mwisho nimekuwekea wewe mwalimu, uwasimulie watoto darasani.

Wanaoziba ndio hizo protini. Ziko za aina nyingi, kila kundi na kazi yake. Liko kundi linalong'oa herufi moja iliyooza na kuweka nzima. Humo mna protini inayoitwa APE1 na nyingine inaitwa XRCC1. Liko kundi la wale wanaofanya kama bibi penye mchwa: hukata kipande kizima cha herufi kama 30 chenye kasoro katikati, kisha hujaza upya, huko utasikia majina kama XPA na ERCC1. Na liko kundi ambalo ni la walimu hasa. Seli inapojigawa hunakili maandishi yote, na kama mtoto kwenye imla, hukosea herufi. MLH1, MSH2 na wenzao hupita nyuma wakisahihisha.

Ninachotaka mama aelewe, na umwambie kwa maneno yako, ni kwamba mafundi hawa wana pande mbili. Wakilegea, makosa hulimbikizana hadi seli inasahau mipaka yake na kugeuka saratani. Huo ni upande wa kwanza. Lakini saratani ikishakuwepo, nayo ni seli, nayo ina paa. Tunapoipiga kwa mionzi au kwa dawa kama sisplatini tunachofanya ni kuivunja DNA yake makusudi. Kama ndani ya uvimbe mafundi wamebaki wengi na wana nguvu, wanaziba yale matundu tunayotoboa, na uvimbe unainuka tena. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa melanoma ya ngozi ulioonyesha kwamba uvimbe ambao baadaye ulisambaa mwilini ulikuwa, tangu ulipokatwa mara ya kwanza, unazitumia zaidi jeni za ukarabati kuliko ule uliotulia. Fundi yuleyule aliyemlinda mama yako miaka 68 anaweza kuwa ndiye anayeulinda uvimbe.

Kwa hiyo yule daktari kijana anataka kujua, kwenye melanoma ya mahali pasipofikiwa na jua, mafundi gani wapo na gani hawapo. Ya ngozi tunajua jua lilivyoiharibu, DNA yake ina alama za jua. Kaakaa halioni jua. Hakuna kisababishi kilichothibitishwa cha melanoma ya kinywa, si meno ya bandia, si tumbaku. Tunachokijua ni kwamba seli zinazotengeneza weusi zimo kinywani mwa kila mtu, na kazi yenyewe ya kutengeneza weusi huo hutoa kemikali zinazoichoma DNA. Ndiyo maana ukarabati unawavuta watafiti wa ugonjwa huu.

Atafanyaje? Kile kinyama kimefungwa ndani ya kipande cha nta, kidogo kama sabuni ya hotelini. Atakikata vipande vyembamba vya maikromita 3 au 4, unywele wa kichwa chako ni mnene mara nyingi zaidi, avibandike kwenye kioo, kisha amwage kingamwili inayonasa protini moja tu anayoitafuta, ikiwa imeshikizwa rangi. Palipo na protini panawaka rangi. Ndipo akae kwenye hadubini na kuhesabu. Huwa hatazami kama ipo tu, anatazama iko wapi. APE1, kwa mfano, kazi yake iko ndani ya kiini cha seli, kwenye DNA. Katika baadhi ya uvimbe hukutwa imezagaa nje ya kiini, kama fundi aliyeajiriwa kuezeka anayekutwa amekaa uani.

Je, majibu yatamsaidia mama? Sitakudanganya mwanangu. Kwa sehemu kubwa, hapana. Tiba yake itaendelea kuwa ileile: upasuaji ambao amekwishaupata, mionzi kama wataona inafaa, na ufuatiliaji wa karibu. Liko tawi moja tu ambapo protini hizi zimeshaingia kwenye tiba. Uvimbe uliokosa wale wasahihishaji wa imla hujaa makosa mengi kiasi kwamba askari wa mwili huuona kuwa ni mgeni, na mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa ya pembrolizumab kwa uvimbe wa namna hiyo uliosambaa, uwe umeota kiungo chochote. Kwa melanoma, dawa hizo za kuamsha kinga hutumika hata bila kipimo hicho, ingawa za utando wa kinywa huzijibu kwa uchache kuliko za ngozi, kwa kuwa hazina makosa mengi ya kuonekana. Na bei yake si ya karanga. Ongeeni na daktari wake kama suala hilo litafika.

Anayesaidiwa ni mama wa mtu mwingine, miaka ijayo. Ugonjwa adimu hauna njia nyingine ya kusomwa: kila kipande kimoja kwenye nta kina thamani kubwa, maana havikusanyiki vingi. Mwambie mama hivyo hivyo, asidhani anasaini dawa.

Ukoo: melanoma ya kinywa kwa kawaida hairithiwi. Protini zitakazokutwa zimepungua au zimezidi ni za uvimbe, si za mwili mzima wa mama, na hakuwapa ninyi. Watoto sita hamhitaji kupimwa damu. Mtazamane vinywa, inatosha.

Kuhusu baba mdogo, usimkejeli. Hofu yake ina sababu, watu wetu wamewahi kuchukuliwa vitu bila kuulizwa. Mpe majibu. Utafiti wa afya nchini unahitaji kibali cha kamati ya maadili. Ile ya taifa iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Muombe yule daktari akuonyeshe namba ya kibali, iandike. Muulize kipande kitapimwa wapi, na kama kitatoka nje ya nchi, makubaliano ya maandishi ya kukisafirisha yako wapi, kwa sababu yanatakiwa. Muulize kama jina la mama litaondolewa. Fomu ya ridhaa inapaswa kuwa ya Kiswahili, na nakala mbaki nayo. Na sisitiza hili mbele ya baba mdogo: mama akikataa, matibabu yake hayapungui hata kidonge kimoja. Akikubali leo na kubadili nia kesho, ana haki hiyo pia. Kingekuwa kinyama cha mama yangu, ningesaini, baada ya kuuliza hayo yote.

Msikose kliniki, na kila unapomtembelea mpapase shingoni chini ya taya. Tezi ngumu isiyouma, msiingoje tarehe ya miadi.

MWANAFUNZI WA CHUO, NKUHUNGU

Dada Daktari, tangu utoto fizi zangu ni nyeusi. Rafiki yangu ananiambia ni kansa inakuja, na kuna mtu mtandaoni anauza dawa ya kuzing'arisha. Ninunue?

JIBU

Usinunue, mdogo wangu. Fizi nyeusi kwa watu wetu ni rangi ya kuzaliwa kama ya ngozi. Weusi wa kuzaliwa umekaa pande zote mbili kwa mpangilio, haujainuka, na mwaka jana ulikuwa hivyo hivyo. Hizo dawa za kung'arisha zinaunguza ufizi, nimewahi kumtibu binti aliyekuja na mzizi wa jino ukiwa umebaki wazi baada ya wiki mbili za kupaka.

Weusi wa kunionyesha ni ule mpya ukubwani, upande mmoja, hasa juu kwenye kaakaa. Wenye kingo zisizoeleweka. Unaopanuka, unaovimba, unaotoa damu, au jino la karibu yake linalegea bila sababu. Doa la buluu-kijivu kando ya jino lililozibwa kwa risasi, kama wanavyoita watu, mara nyingi ni chembe za ile madini zilizoingia ufizini, halina neno, ila picha ya eksirei huweza kusaidia kuthibitisha. Dawa nazo huleta weusi: klorokwini iliyotumika muda mrefu, na zidovudini pia. Ukienda kuonwa, taja kila dawa unayotumia, usione haya.

MAMA, MANYONI

Daktari, mwanangu wa miaka 7 ana ualbino. Nilisikia redioni kwamba kuna watoto hawana hizo protini za kurekebisha DNA na jua linawaua. Nimekosa usingizi. Ndiyo mwanangu?

JIBU

Hapana mama, lala usingizi. Ni magonjwa mawili tofauti. Mwanao mafundi anao, wote, wazima. Alichokosa ni weusi wa kumkinga, yaani amekaa juani bila kivuli, na mafundi wake wanazidiwa na kazi. Ukimpunguzia jua, wanaimudu.

Uliowasikia redioni ni watoto wenye ugonjwa adimu wa kurithi uitwao zeroderma pigmentosamu. Wao wana rangi, lakini lile kundi la kukata kipande na kujaza upya limekosa mtu mmoja. Mwaka 1968 James Cleaver huko Marekani alionyesha kwamba seli zao haziwezi kuziba jeraha la jua. Hutokwa na madoadoa usoni kabla ya umri wa kwenda shule, macho hayavumilii mwanga, na saratani huwaota utotoni, hata kwenye ncha ya ulimi, kwa sababu mtoto anayecheka na kuongea nje ncha ya ulimi wake huiona jua. Tulijifunza sehemu kubwa ya ukarabati kutoka kwa watoto hao, na siwezi kulitaja jambo hilo bila kuwashukuru.

Wa kwako: kofia ya pama yenye ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua asubuhi kabla ya shule na tena saa sita. Yapo yanayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, ulizia kliniki ya ngozi. Mwombe mwalimu wake amkalishe mbele, mbali na dirisha, na mchakamchaka wa saa nne asishiriki. Midomo nayo ipakwe. Watu husahau midomo, na huko ndiko mimi ninakowapokea wakiwa wakubwa na kidonda kisichopona kwenye mdomo wa chini.

FUNDI SANIFU WA MAABARA, SINGIDA

Daktari, mimi hupokea vinyama kutoka vituo vya pembezoni. Naona melanoma ina rangi ya kahawia, na rangi tunayotumia kuonyesha protini nayo ni ya kahawia. Mtu anatofautishaje? Pia, vinyama vingi vinafika vimeharibika. Andika kitu kuhusu hilo.

JIBU

Nimefurahi kupata barua ya mtu wa maabara, maana sisi huku mbele tunasifiwa kwa kazi ya macho yenu.

Uliyoyaona ni kweli, na yamewahi kuwapoteza watu wazima na vyeti vyao. Melanini, yaani weusi wenyewe, na ile rangi ya kahawia vikikaa pamoja, asiyejua ataandika "protini ipo kwa wingi" kumbe anahesabu weusi wa uvimbe. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kutumia rangi nyekundu badala ya kahawia, na hiyo ndiyo ninayoipenda: nyekundu kwenye kiini haifichiki. Ya pili ni kuyafua madoa ya melanini kwanza, kwa haidrojeni peroksaidi au kwa pamanganeti. Ukifua sana unaiharibu protini yenyewe unayoitafuta, kwa hiyo kioo cha pili kisichowekwa kingamwili lazima kiende sambamba, ukilinganishe. Na usisahau mashahidi waliomo kwenye kioo hichohicho: seli za ngozi laini ya kinywa zilizo nzima pembeni, na chembe nyeupe za damu. Hao mafundi wanao siku zote. Ukiona nao wamekaa weupe, usiandike kwamba uvimbe umekosa protini. Kipimo ndicho kilichoharibika.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili, na hili nina kidonda nalo. Miaka kadhaa iliyopita kituo kimoja cha wilaya kilinitumia kinyama cha kaakaa la mzee mmoja mfugaji. Kilisafiri na basi, mikononi mwa mjukuu wake, ndani ya chupa ndogo ya dawa ya kikohozi. Nilipofungua kifuniko harufu ilinifika kabla sijatazama. Walikuwa wamekitia kwenye maji ya chumvi ya dripu. Kilikuwa cheusi, laini, kinakatika kwa kibano kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Mjukuu alisimama pale ameshika begi, ananiuliza majibu yatatoka lini. Ilibidi mzee aletwe akatwe upya, na hadi nauli ilipopatikana ilikuwa imepita miezi miwili. Doa lilikuwa limevuka upande wa pili wa kaakaa. Sijamsahau.

Nawaomba wenzangu wa vituo vyote kuanzia Bahi hadi Iramba: fomalini ya asilimia 10, iliyowekewa chumvi za kuisawazisha ukali. Iwe nyingi, mara 10 ya ukubwa wa kinyama au zaidi, chupa yenye mdomo mpana, na kinyama kitumbukizwe palepale mkasi unapotoka kinywani, si baada ya kumaliza kushona. Si spiriti, si maji ya dripu, si pamba iliyolowa. Saa zake ni kuanzia 6 hadi 72. Kikikaa humo wiki nyingi pia protini hujifunga, kingamwili ikapita isiione. Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi siku na saa kilipotumbukizwa. Protini za ukarabati nazo hutuponyoka hivyo, na hapo utafiti kama wa yule daktari kijana wa barua ya kwanza unakuwa kazi bure.

Na mkiona doa jeusi lenye mashaka na hamna fomalini, msikate. Andikeni rufaa.

MZEE MFUGAJI, MPWAPWA

Binti yangu Daktari, swali langu labda si la kwako. Mbwa wangu anayechunga mbuzi ameota nundu nyeusi kwenye ufizi, inatoa damu na mdomo unanuka. Majirani wanasema ni kansa, nimtupe porini asiwaambukize wajukuu. Nimekuwa naye miaka kumi na moja.

JIBU

Shikamoo babu. Ni la kwangu kabisa.

Saratani haiambukizi kwa kulambwa wala kwa kula sahani moja, wajukuu wako salama. Na majirani huenda hawajakosea jina: kati ya saratani za kinywani mwa mbwa, melanoma ndiyo inayoonekana zaidi, hasa kwa mbwa wenye umri kama wa kwako. Kinachoonekana mara chache kwa binadamu, kwao ni cha kawaida. Kwa sababu hiyo watafiti wa melanoma za kinywa za watu huzisoma sana za mbwa: zote huota gizani bila jua, na zote husambaa mapema. Marekani imekuwa na chanjo ya kutibu melanoma ya kinywa ya mbwa tangu 2007 kwa kibali cha muda, na 2010 kikawa kamili. Huku kwetu tiba ya kuanza nayo ni upasuaji.

Hapo Mpwapwa hamkosi wataalamu wa mifugo. Mpeleke wiki hii babu, umfunge mdomo kwa kitambaa laini njiani maana maumivu humfanya hata mbwa mpole ang'ate. Nundu nyeusi pia huweza kuwa uvimbe usio na madhara, kwa hiyo mwombe daktari wa mifugo akate kinyama, na umkumbushe kwa heshima: kiende kwenye fomalini palepale.